Kukinaisha na Kushawishi: Waraka wa Sheikh Ahmad na Hoja Inayotua Moyoni

  

Katika Kiswahili chetu tuna maneno mawili ya kueleza jambo la kumvuta mtu akubali neno. La kwanza ni kushawishi, la pili ni kukinaisha. Yote mawili yametoka katika Kiarabu, lakini hayakupitia mlango mmoja. Kushawishi asili yake ni shawwasha, yaani kuvuruga, kutia fujo, kuchanganya mambo. Ndiyo maana mtu asiyetulia moyo husema ana tashwishi. Kukinaisha asili yake ni qani'a, yaani kuridhika na kutosheka, na Waarabu wakitaka kusema kuwa fulani amemfanya mwenziwe aikubali hoja husema aqna'ahu, na kitendo chenyewe wakakiita iqnaa'. Aliyeshawishiwa ametikiswa. Aliyekinaishwa ametulia, kama aliyekula akashiba akaondoka kwenye sinia kwa hiari yake.

Tumeanza na lugha kwa sababu kuna suali ambalo maimamu wetu huulizana, hapa Korogwe na kwengineko, nalo halijibiki vizuri bila ya kutenganisha maneno haya mawili. Unakuja ujumbe katika simu, au zamani ilikuwa karatasi ya fotokopi iliyoachwa juu ya mkeka wa msikiti, unaonya juu ya Kiama na kuhimiza swala. Asili yake haijulikani. Imamu akiusoma baada ya swala, watu wanalia, na alfajiri ya kesho safu zinaongezeka. Akitokea mwanafunzi akasema kuwa ujumbe huu hauna msingi, huambiwa: "Sheikh, watu wamekuja kuswali. Una ubaya gani?" Wanaosema hivi si wajinga wala si maadui wa dini. Wameona matunda, nao wanapima mti kwa matunda yake. Kwa hiyo wanastahiki kujibiwa kwa hoja, si kwa kukemewa.

Waraka wa mwaka 1908

Mashuhuri kuliko zote katika jumbe za namna hii ni ule unaoitwa Wasia wa Sheikh Ahmad. Wengi wanadhani ni jambo la zama za simu. Sivyo. Katika pwani yetu una historia yake, tena iliyoandikwa.

Mwaka 1908, nchi hii ikiwa chini ya Wajerumani, waraka uliosemekana kutoka Makka ulienea katika miji ya pwani na kuingia bara. Lindi ndiko ulikotia kishindo zaidi. Ndani yake mtu aitwaye Sheikh Ahmad, anayejieleza kuwa ni mhudumu wa kaburi la Mtume (s.a.w.) Madina, anadai kuwa amemuona Mtume usingizini. Akaambiwa kuwa umma umezama katika maasi, kuwa Kiama kimekaribia na mlango wa toba unakaribia kufungwa. Kisha unafuata ule mkia ambao sote tunaujua: atakayeunakili waraka na kuupeleka mji mwengine atapata uombezi, na atakayeuzuia atapata hasara.

Fikirini hali ya watu waliousoma. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimezimwa mwaka 1907 tu, na kusini yote ilikuwa bado ina makaburi mabichi na njaa iliyofuata vita. Watu kama hao ukiwaambia dunia inakwisha, hawahitaji dalili. Misikiti ikajaa. Na jambo la kuchekesha kidogo, ingawa halikuwachekesha wenyewe, ni kwamba walioshawishiwa zaidi na waraka huo ni maofisa wa Kijerumani. Wao walitikiswa kuliko walimu wa chuoni. Waliona ndani yake dalili ya uasi mpya, wakazikusanya nakala na kuchunguza zimetoka wapi. Uchunguzi wao ukawafikisha hadi Unguja kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule mfanyabiashara mashuhuri kwa jina la Rumaliza, aliyewahi kupigana na Wabelgiji upande wa Ziwa Tanganyika. Msomi wa kwao, C. H. Becker, akayachapisha maandiko hayo mwaka 1911. Uasi walioungojea haukutokea.

Kiama nacho hakikusimama, na waraka haukufa. Sheikh Rashid Rida wa Misri alikwisha kuujibu katika jarida lake la Al-Manar kabla ya mwaka huo wa 1908, katika mwaka 1322 Hijria, akaeleza kuwa amekuwa akiuona mara kwa mara tangu alipokuwa mtoto anayejifunza herufi, na kila mara mwenyewe ni Sheikh Ahmad, mhudumu wa chumba cha Mtume. Baada yake Sheikh Abdulaziz bin Baz, aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala nzima ya kuupinga. Na bado upo. Rashid Rida alizaliwa mwaka 1865. Ukihesabu tangu utoto wake hadi simu ya leo, huyu Sheikh Ahmad amehudumu kaburi kwa zaidi ya miaka 150, hazeeki, hafi, wala hakuna aliyepata kupeana naye mkono.

Nguvu yake inatoka wapi?

Ujumbe usio na mwenyewe umeishi kuliko vitabu vya wanavyuoni wengi. Lazima kuna sababu, na mwenye kutaka kulingania anapaswa kuijua.

Kwanza umeazima heshima. Haukuandikwa kwa jina la mtu wa Lindi au wa Pangani, ambaye watu wangemuuliza amesoma kwa nani. Umetajwa Madina, na moyo wa Muislamu ukisikia Madina unalainika kabla akili haijafungua mlango. Pili umetia hofu iliyofungwa kwa muda mfupi: toa nakala sasa, tuma kwa watu 20 kabla ya usiku. Mwenye haraka hana nafasi ya kuuliza. Na la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa, ni kwamba mwenye ujumbe hayupo. Huwezi kumuona anakula nini, anaamiliana vipi na jirani zake, anayafanya aliyoyasema au hayafanyi. Hakuna wa kumwambia "hebu rudia, sikukuelewa." Ujumbe wa namna hii unafanya kazi yake katika giza tu.

Sasa tuangalie hukumu. Ama ndoto, kumuona Mtume (s.a.w.) usingizini ni jambo lililothibiti katika hadithi sahihi, wala hatulikanushi. Lakini ndoto haijengi hukumu. Imamu Nawawi katika Al-Majmu' ametoa mfano unaotufaa sana sisi watu wa kugombana juu ya mwezi. Ikiwa ni usiku wa thelathini wa Shaabani, watu hawakuuona mwezi, kisha mtu akamuona Mtume ndotoni akimwambia kuwa usiku huu ni wa Ramadhani, basi saumu haithibiti kwa ndoto hiyo, si kwake wala kwa wengine. Sababu si kwamba ndoto ni ya uongo. Sababu ni kuwa mpokezi wa habari anashartiwa awe macho na mwenye kudhibiti anachokisikia, na aliyelala hana sifa hiyo. Basi ikiwa ndoto haiwezi kutuingizia siku moja ya Ramadhani, itawezaje kutuwajibishia kunakili karatasi na kumtia hasara asiyenakili?

Ama kumsingizia Mtume (s.a.w.) kwa nia njema, jambo hili nalo lina historia. Nawawi katika sherehe yake ya Sahih Muslim anaeleza kuwa kumzulia Mtume ni haramu, sawasawa iwe katika hukumu au katika kuvutia watu kwenye kheri na kuwatisha na shari. Waliojitenga na msimamo huo ni Karramiyya, waliojuzisha kuzua hadithi kwa ajili ya kuwapendezesha watu mambo mema. Ukiitazama sawasawa, ile hoja ya "watu wamekuja kuswali" ni hoja ya Karramiyya imevaa kanzu ya Kiswahili.

Mashuhuri katika mlango huu ni Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw. Alipoulizwa amezipata wapi hadithi za fadhila za kila sura ya Qur'an, moja baada ya moja, inapokewa kuwa alieleza kuwa aliwaona watu wameiacha Qur'an, wameshughulika na fiqhi ya Abu Hanifa na habari za vita za Ibn Ishaq, ndipo akazitunga hadithi hizo kwa kutaraji thawabu. Mtu huyu alikuwa akiitwa Al-Jami', mwenye kukusanya, kwa wingi wa elimu alizozikusanya. Ibn Hibban akasema juu yake kuwa alikusanya kila kitu isipokuwa ukweli.

(Kuna kisa kinachosimuliwa sana juu ya Imamu Ahmad na Yahya bin Ma'in pamoja na msimulizi wa uongo msikitini. Dhahabi amekitilia shaka nguvu kisa hicho na mpokezi wake. Basi tunakiacha, kwa kuwa haifai kuukataza uzushi kwa kitu kinachoshukiwa kuwa ni uzushi.)

Wanafunzi wasichanganye hapa baina ya hadithi dhaifu na iliyozuliwa. Katika fadhila za amali, wanavyuoni wengi wamelegeza juu ya dhaifu kwa masharti aliyoyataja Ibn Hajar: udhaifu usiwe mkali, jambo lenyewe liingie chini ya msingi uliokwisha kuthibiti, na mwenye kulitenda asiitakidi kuwa limethibiti kwa Mtume. Waraka wa Sheikh Ahmad haupiti hata katika sharti la kwanza.

Sasa turudi kwa yule imamu na safu zake zilizoongezeka. Kweli zimeongezeka. Lakini zimeongezeka kwa siku ngapi? Mtu aliyeletwa na tarehe ya Kiama ataondoka tarehe ikipita. Na hilo ni jepesi. Zito ni kwamba amekwisha kufundishwa, kutoka katika kinywa kile kile kinachomsomea Qur'an, kuwa habari za Akhera zinaweza kutajwa na zisitokee. Siku utakapomsomea Suratul Zilzala, nini kitamfanya asiweke aya ile pamoja na karatasi ile? Imamu kama huyo amekopa katika amana ambayo si yake.

Na hesabu ya watu yenyewe si mizani. Nabii Nuh (a.s.) alikaa na watu wake miaka elfu kasoro hamsini, kama inavyoeleza Suratul Ankabut, na katika Sura Hud tunajulishwa kuwa walioamini pamoja naye walikuwa wachache tu. Hakuna mwenye kusema kuwa ujumbe wake ulikuwa na kasoro.

Mtume (s.a.w.) aliulizika

Alipoamrishwa kuwaonya jamaa zake wa karibu, Mtume (s.a.w.) alipanda Safa akawaita Maquraishi ukoo kwa ukoo. Hakuanza na Moto. Aliwauliza kwanza: lau angewaambia kuwa kuna farasi wa vita bondeni wanaotaka kuwashambulia, je, wangemsadiki? Wakajibu ndiyo, kwa sababu hawakupata kwake isipokuwa ukweli. Ndipo akawaonya. Tazameni mpangilio huo: aliweka mbele yao miaka 40 waliyoishi naye, akawaachia wao watoe ushahidi. Na hata hivyo Abu Lahab alisimama akamtukana. Hoja ilikuwa timamu, na moyo ulikuwa umefungwa.

Mfano wa pili ni wa Hudaibiya, mwaka wa sita wa Hijra. Mkataba umekwisha kuandikwa, masahaba wamejaa huzuni kwa kuzuiliwa kuingia Makka. Mtume (s.a.w.) akawaamrisha wainuke wachinje na wanyoe. Kwa mujibu wa Bukhari, hakuinuka hata mmoja, naye aliyasema hayo mara tatu. Hawa ni watu wa Baiatu Ridhwan! Akaingia kwa Ummu Salama (r.a.) akamweleza. Bibi yule akamshauri atoke asiseme na yeyote neno hata moja, amchinje ngamia wake, amwite kinyozi wake anyolewe. Akafanya hivyo. Walipomuona wakainuka wote, wakanyoana kwa msongamano hata wakakaribia kuumizana. Kiumbe mbora, mwenye ufasaha kuliko Waarabu wote, amri yake ya mara tatu ilifuatwa baada ya wao kukiona kisu mkononi mwake. Wahubiri wetu wanaopandisha sauti katika vipaza sauti wangekaa na hadithi hii wiki nzima.

Bagamoyo katika miaka ile ile

Katika miaka ile ile ambayo waraka ulikuwa ukizunguka pwani, Bagamoyo kulikuwa na mtu anayefundisha. Ni Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya. Alizaliwa Manyema, katika nchi ya Kongo ya mashariki. Aliletwa pwani akiwa mtumwa angali mdogo, akalelewa katika nyumba ya Bwana Amir bin Sulayman al-Lamki. Akapata uhuru, akafanya biashara ndogo, akaja kumiliki mashamba ya minazi, huku akisoma. Kisha akasomesha, akawa shekhe wa tarika ya Kadiria, na Waingereza walipoingia mwaka 1916 akafanywa liwali wa mji. Alifariki mwaka 1931, na jina lake lilikuwa limefika bara mbali.

Bagamoyo ya wakati ule nasaba ilikuwa na uzito mkubwa. Sheikh Ramiya hakuwa na nasaba ya kuazima. Hakuna aliyeweza kusema kuwa anafuatwa kwa sababu babu yake alikuwa fulani. Waliokuwa watumwa na watoto wao, na wapagazi waliotoka bara kama alivyotoka yeye, walikuwa wameambiwa kwa miaka mingi kuwa mbele ya Allah mbora ni mchamungu zaidi, jambo ambalo liko wazi katika Suratul Hujurat. Waliisikia, na huenda wakadhani ni maneno ya msikitini tu. Sasa wanamuona mmoja wao yuko mbele, na waungwana wako nyuma yake wanamsikiliza. Aya haikubadilika hata herufi, lakini ilikuwa imepata shahidi anayepita sokoni.

Lamu nako mambo yalifanana. Habib Saleh, Sharifu kutoka Ngazija, yeye alikuwa na nasaba ya juu kabisa, lakini aliwafundisha watumwa na kizazi chao, jambo ambalo wakubwa wa mji hawakulipenda. Huko ndiko kulikozaliwa Riyadha. Sizungumzii hapa hukumu ya maulidi wala ya dufu. Mjadala huo una mahali pake. Ninachokiangalia ni gharama. Ramiya alipanda, Habib Saleh alishuka, na kila mmoja wao watu walikiona kwa macho kile alichokitoa. Aliyeandika waraka hakutoa kitu, zaidi ya bei ya wino.

Na huku kwetu je? Uislamu haukuja Uzigua na bonde la Ruvu kwa jeshi wala kwa waraka. Ulipanda na njia ya misafara kutoka Pangani, kwa wafanyabiashara na walimu waliokaa, wakaoa, wakazikana na wenyeji. Mzigua aliyesilimu alisilimu kwa mtu anayemjua.

Hapa mwanafunzi makini atauliza: je, mwenendo mwema peke yake ndio hoja? Hapana, na suali hili wanavyuoni wa hadithi walilimaliza zamani. Yahya bin Said al-Qattan, kama ilivyo katika utangulizi wa Sahih Muslim, alieleza kuwa hakuwaona watu wema wakikosea ukweli katika jambo lolote kuliko wanavyokosea katika hadithi. Muslim akafafanua kuwa uongo hupita katika ndimi zao bila ya wao kukusudia. Mtu huwa mwema, analia katika sijida, na habari anayokuletea ni batili. Wema wake unampa haki ya kusikilizwa. Habari yake bado inabaki kuulizwa: kutoka kwa nani? Ndiyo isnadi. Umma huu haukukubali hata kwa mchamungu kufungiwa mlango wa kuuliza, na mtu anapoulizwa akaweza kujibu, ndipo moyo unapokinai.

Jambo la mwisho ni lugha. Sura Ibrahim inatujulisha kuwa kila Mtume alitumwa kwa lugha ya watu wake ili awabainishie. Watu wa fiqhi ya Shafi wanaoshartisha nguzo za hutuba ziwe kwa Kiarabu wana dalili zao, lakini nguzo ni chache na hazichukui hata dakika tano. Hakuna kinachomzuia imamu kuwapa watu mawaidha wanayoyaelewa, na yawe mafupi. Ibn Mas'ud (r.a.) alikuwa akiwawaidhi wenziwe siku ya Alhamisi tu, kwa kuchelea wasichoke. Na Ali (r.a.) alikataza watu wasizungumzishwe wasiyoyamudu, wasije wakamkadhibisha Allah na Mtume wake. Asiyeelewa mawaidha ya imamu wake ndiye anayekwenda kuyatafuta katika karatasi za Sheikh Ahmad.

Wengine huuliza: aliyekwisha kuusambaza ujumbe huu, au kuusoma mbele za watu, afanye nini? Hana dhambi ya kuzua ikiwa hakujua, lakini Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuwa inamtosha mtu kuwa muongo kusimulia kila anachokisikia. Aache, amtake msamaha Mola wake, asiiogope ile hasara iliyotajwa kwa asiyeutuma, maana haina asili. Na kwa kuwa aya ya 160 ya Suratul Baqara imewasamehe walioficha ukweli kwa sharti kwamba watubie, watengeneze na wabainishe, basi naye abainishe kwa wale wale aliowafikishia: aliyeutuma kwa simu atume ubainifu kwa watu wale wale, na aliyeusoma baada ya swala ya Ijumaa asimame Ijumaa nyengine, mahali pale pale, aseme kuwa haukuthibiti.

Wallahu a'lam.